Kupoza Mashine Mwambao wa Ilagala: Kutoka Meli ya Mvuke hadi Kompyuta Mpakato

Kila mashine inayofanya kazi huzalisha joto, na joto lisipopata pa kutokea huiharibu. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma na Ujiji hadi Ilagala karibu na mlango wa Mto Malagarasi, kazi ya kuliondoa joto hilo imepita katika hatua mbili: kwanza kwa maji ya ziwa, kisha kwa hewa.

Hatua ya kwanza ilianza na meli ya Graf von Goetzen. Meli hiyo iliundwa na kampuni ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalipelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa Reli ya Kati iliyofika ziwani mwaka 1914. Meli ilishushwa majini Februari 1915. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni uliingia kwenye kipozeo, mahali ambapo maji ya ziwa yalipita upande wa pili wa mabomba yake. Mvuke ukageuka maji na kurudi kwenye boila kuchemshwa upya, nalo joto likaishia ziwani.

Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe tarehe 26 Julai 1916, upande wa mlango wa Malagarasi, ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikafungwa injini za dizeli.

Kanuni hiyohiyo imo katika injini za kupachika za mitumbwi na boti zinazopita kati ya Ilagala na vijiji vya jirani. Pampu ndogo huvuta maji, huyazungusha kwenye injini, na sehemu ya maji hayo hutoka pembeni kama uzi mwembamba. Nahodha huutazama uzi huo: ukikatika, tundu la kuvutia maji limezibwa na majani au tope, na injini huzimwa kabla haijaungua.

Hatua ya pili, ile ya hewa, ilikuja na kompyuta, zilizofika Tanzania kwa njia nyingine. Ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za kizazi hicho zilijaza chumba na kuhitaji viyoyozi, na kwa hiyo umeme mwingi usiokatika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilipolegezwa baadaye, kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimekwisha kupatikana. Hizo hazikudai chumba maalumu, kwani kila moja ilibeba feni yake ndani.

Ugumu ulizidi pale kompyuta ilipobanwa katika kasha jembamba la kupakatwa, lisilo na nafasi ya kutosha kwa hewa wala feni kubwa. Ufumbuzi ulikuwa bomba la joto, lililoendelezwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na kuenea katika kompyuta mpakato tangu miaka ya 1990. Ni bomba la shaba lililozibwa pande zote, lenye maji kidogo ndani. Upande unaogusa prosesa maji hugeuka mvuke; mvuke hukimbilia upande wa pili wenye mapezi membamba ya chuma, hupoa, hurudi kuwa maji, na safari huanza tena. Kilichofanywa na kipozeo cha Goetzen kwa maji ya ziwa hufanyika humo kwa hewa ya feni.

Mwaka 2007 ilitoka Eee PC ya kampuni ya Asus, yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja. Mwaka uliofuata Intel ilitoa prosesa za Atom. Ile ya N270 ilikadiriwa kutoa joto la wati 2.5 tu, ilhali baadhi ya prosesa za mezani za miaka hiyo zilizidi wati 100. Kwa kijiji kinachotegemea paneli za jua faida ilikuwa maradufu, kwa kuwa karibu kila wati ya umeme inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto: kilichopunguza moto kilipunguza na matumizi ya betri. Mwaka 2015 kompyuta mpakato zilipita hadi vijijini zikiwa ndani ya mashine za BVR, za kuandikisha watu kwa alama za vidole, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoandikisha wapiga kura.

Adui wa mashine hizi mwambaoni ni vumbi. Wakati wa kiangazi, takribani Juni hadi Septemba, vumbi la barabara huvutwa na feni na kujikusanya kati ya feni na mapezi, likawa tabaka zito mithili ya kitambaa. Feni huunguruma lakini hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine hujizima. Fundi hufungua mfuniko wa chini, huzuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke ovyo, hupuliza na kuliondoa tabaka hilo kwa brashi, kisha hubadilisha gundi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Mtumiaji naye huweka kompyuta juu ya meza au ubao, si juu ya godoro wala kanga, maana matundu mengi ya hewa yako chini, na huiepusha na jua, linalochosha betri mapema.

Kompyuta nyingi ndogo za sasa hazina feni kabisa. Joto huenea kwenye bati la ndani na kutokea kwenye kasha lenyewe. Hazivuti vumbi, na hakuna kinachozunguka kikachakaa. Hata hivyo, kazi nzito ikidumu hujipunguzia kasi mapema kuliko zenye feni, hivyo kivuli na meza ngumu bado vinahitajika.