Jina lako likionekana kwenye hukumu: jinsi ya kutafuta na kusoma rekodi za kesi za jinai Tanzania

Haya wadau, leo tuongelee kitu ambacho wengi wanakitafuta mtandaoni lakini wanakisoma haraka haraka. Mtu anataka kujua habari za mchumba, mpangaji au kijana anayetaka kumwachia duka. Anaandika jina, anaona neno "murder", basi! Kabla muda wake wa kafe haujaisha, mtaa mzima umeshaambiwa fulani ni muuaji. Kumbe ukurasa wa mwisho wa hukumu hiyo hiyo unasema jamaa ameachiwa huru. Kazi imeshapotea, uchumba umeshavunjika.

ZINAPATIKANA WAPI?

Tanzania hakuna tovuti ya kuandika jina la mtu ikakupa orodha ya makosa yake. Kuna vitu viwili na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni cheti cha tabia njema. Hiki kinatolewa na Polisi baada ya kuchukua alama za vidole, na anayekiomba ni mwenyewe. Kama wewe ni mwajiri, mwambie mwombaji akuletee. Huwezi kwenda kuchukua cha jirani yako.

Cha pili ni hukumu za mahakama. Hizi ziko wazi, na nyingi zimewekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII (tanzlii.org). Unaandika jina au namba ya kesi, unafungua, unasoma. Ila utakuta zaidi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kesi iliyoishia Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya inaweza isiwepo kabisa. Kwa hiyo kukosa jina la mtu humo si ushahidi kwamba hajawahi kufungwa.

KUSOMA KICHWA CHA KESI

Kwenye kesi ya rufaa, jina la kwanza ni la aliyekata rufaa. Ukiona jina la mtu halafu "Republic", yaani Jamhuri, maana yake yeye alishindwa chini na sasa analalamika juu. Ukiona Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ndiye ametangulia, mara nyingi maana yake mtu huyo alishinda chini na serikali haikuridhika.

Alama ya @ katikati ya majina siyo barua pepe, ni "anajulikana pia kama". Na s/o ni mtoto wa kiume wa fulani, d/o ni wa kike. Ziangalie sana hizo, maana akina Juma Ally nchi hii ni wengi mno. Linganisha jina la baba, mkoa na mwaka. Visipolingana, huyo siyo mtu wako.

MANENO YA MWISHO

Hukumu nyingi bado ziko kwa Kiingereza, japo sheria ilibadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Nenda moja kwa moja mwisho utafute maneno haya:

- "Appeal dismissed": rufaa imetupwa, hukumu ya chini inabaki.
- "Appeal allowed": rufaa imekubaliwa.
- "Conviction quashed": kutiwa hatiani kumefutwa.
- "Acquitted": ameachiwa huru, hana hatia.
- "Discharged": ameondolewa mashtaka, lakini mara nyingi anaweza kushtakiwa tena. Siyo sawa na hiyo ya juu.
- "Retrial": kesi ianze upya, bado hakuna mshindi.

MFANO TUNAOUJUA WOTE

Chukua kesi ya mwanamuziki Babu Seya. Mwaka 2004 yeye na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa ya kubaka na kulawiti watoto. Ukiishia hapo utasema wote wanne wana hatia. Lakini 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wawili kati ya hao watoto wake. Babu Seya na Papii Kocha walibaki ndani mpaka Desemba 9, 2017, Rais Magufuli alipowasamehe. Msamaha ule siyo sawa na mahakama kusema hawana hatia. Halafu 2018 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema baadhi ya haki zao za kusikilizwa zilikiukwa. Umeona? Familia moja, kesi moja, majibu tofauti kutegemea umeishia kusoma mwaka gani.

KABLA HUJASAMBAZA

Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kukamatwa siyo hatia. Kupandishwa kizimbani siyo hatia. Picha ya mtu na pingu gazetini siyo hatia. Na wewe unayesambaza uongo mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu.

Kwa hiyo mdau, ukikuta jina, uliza maswali manne: ni yeye kweli? Mahakama gani? Mwisho ilisemaje? Kuna rufaa baada ya hapo? Ukikosa jibu la swali hata moja, funga ukurasa, nyamaza. Siku moja jina litakalotafutwa linaweza kuwa lako.

Mwenye swali au nyongeza, karibu atupie maoni hapo chini. Majina ya watu wa mtaani kwenu msiweke tafadhali.