Saxo katika mto wetu: Manu Dibango, Verckys na swali la mzee mmoja

Katika mkutano mmoja wa chama chetu hapa Yangambi kulizuka mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo. Kijana mmoja alileta saxo ya zamani ya fanfari, imefungwa ndani ya gunia, akaomba chama kitoe franka za kuitengeneza. Mzee mmoja akasimama na kuuliza: "Chama hiki ni cha mila. Hiyo saxo ni mila ya nani?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, juu ya nini? Juu hakuna aliyekuwa na jibu. Sisi ambao tuliombwa kuandika kitu juu ya muziki kwa kitabu hiki tumeona heri tuanzie hapo.

Kwanza tumpe mzee haki yake. Saxo si ya kwetu. Aliyeiunda ni Adolphe Sax, mtoto wa Dinant kule Ubelgiji, na haki ya ugunduzi wake aliiandikisha Paris mwaka wa 1846. Wakati huo hakuna Mbelgiji aliyejua kama kuna mahali panaitwa Yangambi. Mto wetu ulikuwa tayari na sauti yake: lokole, ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo, yenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa chini. Kwa hizo sauti mbili tu Walokele walipitisha habari kutoka kijiji mpaka kijiji: mtu amekufa, kuna mieleka, mtumbwi unakuja. John Carrington, misionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka wa 1938, alijifunza kuipiga yeye mwenyewe, na mwaka wa 1949 akatoa kitabu juu yake. Alieleza jambo ambalo wazazi wetu walilijua bila kitabu: maneno mengi yana sauti sawasawa, kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja peke yake, analifungia ndani ya sentensi ndefu ili msikilizaji wa mbali asipotee.

Basi mzee ana haki. Lakini tumuulize na sisi: ile rumba aliyocheza siku ya ndoa yake, ilikuwa na vyombo gani?

Muziki ule ulipanda kwa mto. Kutoka Léopoldville mpaka Stanleyville ni kilomita 1,734, na masuwa za Otraco zilipita mbele yetu zikipanda na kushuka. Wendo, yule mwimbaji mkubwa, alikuwa fundi wa mashini ndani ya masuwa hizo miaka ya 1940 kabla sauti yake haijaingia katika disike. Hapa Yangambi INEAC ilikuwepo tangu 1933, na wafanyakazi walitoka pande zote za koloni. Kila mmoja alikuja na lugha yake na nyimbo zake, na mishahara ilileta gramafoni. Ndiyo maana hapa Kiswahili na Lingala vinakaa nyumba moja bila kugombana sana.

Sasa tufike kwa mtu ambaye kijana wetu ana picha yake ukutani: Manu Dibango. Si Mkongomani. Alizaliwa Douala, Kamerun, tarehe 12 Desemba 1933. Mwaka wa 1949 wazazi walimtuma Ufaransa kusoma, na katika mzigo wake kulikuwa kilo tatu za kahawa za kuwapa watu waliompokea. Zaidi ya miaka 40 baada ya vita kuu ya pili, mwaka wa 1989, alikipa kitabu cha maisha yake jina la hizo kilo tatu. Masomo hayakwenda vizuri, jazz ndiyo ilikwenda. Baba akakasirika, franka zikakatika, na kijana akaenda Brussels kujitafutia maisha kwa saxo na piano.

Brussels ndiko alikokutana na Kongo yetu. Mwanzo wa 1960 viongozi wetu walikuwa huko kwa Meza ya Duara, na Joseph Kabasele alikuwa huko na African Jazz. Kutoka safari ile tulipata "Indépendance Cha Cha", wimbo ambao hata mtoto wa leo anaujua. Manu alicheza katika bari moja ambamo Wakongomani walipenda kuingia usiku, inaitwa Les Anges Noirs. Kabasele alimsikia, akaingia naye studio, na mwaka wa 1961 akamleta Léopoldville. Alikuja kwa muda mfupi, njo akabaki miaka miwili. Mwaka wa 1962 alifungua bari yake mwenyewe, Tam-Tam, na akatoa disike ya twist juu ya mji ule.

Hapa tunataka kukaa kidogo, juu watu wanapita mbio. Manu alileta nini, na alichukua nini? Alileta nidhamu ya jazz: kusoma noti, kujua mahali pa kuingia na mahali pa kunyamaza. Alichukua kitu kikubwa zaidi, tunavyoona sisi. Alikuwa amekaa Ulaya tangu utoto, akicheza muziki wa watu wengine. Kwetu alikuta watu wanajaza bari kila usiku kwa muziki wa lugha yao wenyewe, wanaununua, wanaubishania barabarani. Aliporudi Kamerun mwaka wa 1963 hakuwa tena mwanafunzi wa jazz tu.

Na sisi wa huku tulikuwa wapi? Tulikuwa ndani ya moto. Serikali ya Gizenga ilikaa Stanleyville tangu mwisho wa 1960, mpaka yeye akakamatwa Januari 1962. Tarehe 5 Agosti 1964 Simba wakaingia mjini, tarehe 24 Novemba wakashuka paratrupa wa Kibelgiji, na watu walikufa pande zote. Mwaka wa 1966 na wa 1967 askari waliasi tena. Orkestra iliyotaka kupanda na saxo zake, trompeti zake na watu kumi na zaidi ilipaswa kuhesabu siku nyingi za mto na bunduki njiani. Miaka ile mizuri ya saxo ilitufikia hasa kwa redio na kwa disike zilizokwaruzika. Tunasema hivyo bila kulaumu mtu, lakini tunasema.

Manu mwenyewe aliendelea. Mwaka wa 1972 Kamerun iliandaa Kombe la Afrika, akaombwa wimbo wa kusifu mashindano. Upande wa pili wa disike akaweka "Soul Makossa". Kamerun ilitolewa na Kongo-Brazzaville, na wimbo wa kombe ukasahaulika. Upande wa pili ukachukuliwa na wapiga disike wa New York, na mwaka wa 1973 ukafika nafasi ya 35 katika orodha kubwa ya Marekani. Ziara zikafuata: Apollo ya Harlem, kisha kucheza pamoja na Fania All Stars. Septemba 1974 alirudi Kinshasa kwa ile tamasha kubwa iliyopangwa pamoja na pambano la Ali na Foreman, na kuna filamu inayomwonyesha barabarani na saxo yake, watoto wamemzunguka. Katika tamasha hiyo hiyo aliimba Abeti Masikini, binti wa Stanleyville. Manu alikufa Ufaransa tarehe 24 Machi 2020 kwa ugonjwa wa korona.

Lakini mzee atasema: huyo ni mgeni. Sawa, tumchukue Verckys. Kiamuangana Mateta alizaliwa Kisantu mwaka wa 1944. Jina la Verckys, wanasema, ni jina la King Curtis, mpiga saxo wa Marekani, lililosikiwa vibaya. Mwaka wa 1963 aliingia OK Jazz ya Franco, akasimama karibu na Isaac Musekiwa aliyetoka Rodezia, na saxo yake ikawa inapiga kelele ambayo watu hawakuizoea. Mwaka wa 1969 akaachana na Franco, akaanzisha Orchestre Vévé, kisha nyumba yake ya disike. Mwaka wa 1972 katika "Nakomitunaka" aliuliza kwa nini malaika wa picha za kanisa ni weupe na shetani ni mweusi. Mapadri walikasirika. Huyo alifanya biashara ya muziki kwa mikono yake, na vijana mingi walipata disike ya kwanza kwake. Alikufa Oktoba 2022.

Mwaka ule ule wa 1969, mwezi wa Desemba, Zaïko Langa Langa ilizaliwa bila saxo wala trompeti. Gitaa na ngoma vilitosha. Saxo ni bei kali, vipande vyake havipatikani, na vita iliyoanza 1998 ilipofunga mto, hata chumvi ilikuwa shida, nani angeleta ulimi wa mwanzi wa saxo?

Sisi tunaona hivi: msikilize Verckys anapojibu mwimbaji. Hapigi noti moja na kuondoka. Anazungusha, anarudia, anaongeza mkia mpaka aliye mbali ashike. Mpigaji wa lokole angeelewa. Hatusemi Verckys alijifunza kwa Walokele, hapana. Tunasema sikio lililomlea ni ndugu wa sikio letu.

Tulimsomea mzee kurasa hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba lokole ya chama nayo imepasuka tangu miaka mitatu na hakuna aliyeomba franka za kuchonga nyingine. Ni kweli. Sasa sanduku la chama lina franka za kazi moja tu kati ya hizo mbili, na mkutano ujao utapiga kura.