Usiache Mbachao: Jinsi ya Kuchagua Eneokazi la Linux kwa Kompyuta Kuukuu

Mnamo Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, lakini hazipati tena masasisho ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua 4GB, na kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta nyingi ninazoletewa ni za mtumba na hazifikii kipimo hicho. Bado ni nzima, skrini safi, kibodi haina kasoro, na mwenyewe ameshaambiwa akanunue nyingine.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta kama hiyo yaweza kufanya kazi miaka mingine kadhaa ikiwekwa Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria usiolipiwa leseni. Mimi huwawekea vijana, wenye maduka na walimu wa madrasa mtaani, na wengi hukwama penye swali moja: eneokazi lipi? Ushauri wangu ni mfupi. Pima RAM kwanza, kisha mtazame atakayeikalia kompyuta. Urembo uje mwisho.

Eneokazi ni nini?

Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Eneokazi ni ile sehemu unayoiona na kuigusa: menyu, ukanda wenye saa, madirisha, folda, mahali pa kubofya ili kuzima. Kwenye Windows unapewa moja tu. Kwenye Linux waweza kuliondoa hili ukaweka lile, na barua na picha zako zikabaki palepale.

Matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Linux Mint huja na eneokazi tayari. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, imechukua jina lake katika lugha za Afrika Kusini, na neno hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Ubuntu ya kawaida hutumia GNOME. Ukitaka nyingine zipo Kubuntu yenye KDE Plasma, Xubuntu yenye Xfce, Lubuntu yenye LXQt, na Ubuntu MATE.

Mbona yako mengi?

KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Ilijengwa juu ya Qt, ambayo wakati huo leseni yake haikuwa huria kikamilifu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko walianzisha GNOME. Mwaka 2011 GNOME ilibadilisha sura yake kabisa ilipotoa toleo la 3, na wengi waliozoea ile ya zamani hawakupendezwa. Baadhi yao waliichukua ya kale wakaiendeleza kwa jina la MATE, kutokana na kinywaji cha majani kinachopendwa Amerika Kusini. Watu wa Linux Mint nao wakatengeneza Cinnamon.

Hakuna aliyeweza kuwazuia, kwa sababu chanzo kiko wazi. Hiyo ndiyo faida kubwa kwa mtu wa kawaida: eneokazi alilolizoea halifi kwa amri ya kampuni moja, maadamu wapo wa kulitunza.

Pima RAM kwanza

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame sehemu ya utendaji. Kama tayari uko kwenye Linux, fungua teminali uandike free -h.

Ikiwa ni 2GB, chukua LXQt. Imetokana na LXDE, iliyoanza Taiwan mwaka 2006 kwa lengo la kuwa nyepesi. Haina mapambo mengi, lakini itakufikisha.

Ikiwa ni 4GB, chukua Xfce au MATE. Xfce ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na nembo yake ni panya. Haibadiliki ovyo: aliyejifunza miaka kumi iliyopita hatapotea leo. Hili ndilo ninaloliweka mara nyingi.

Ikiwa ni 8GB au zaidi, uwanja ni wako: Cinnamon, KDE Plasma au GNOME.

Hata hivyo, jua kwamba kivinjari cha intaneti hula RAM kuliko eneokazi lenyewe. Mwenye 2GB akifungua kurasa kumi kwa pamoja atakwama hata kwenye LXQt. Ukiwa na pesa kidogo ya kutumia, ongeza RAM au toa diski ya kuzunguka uweke SSD. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Na kama prosesa ni ya kale ya biti 32, chaguo limekuwa finyu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo, na Ubuntu ilikwisha ziacha zamani.

Kisha mtazame mtumiaji

Mama mwenye duka aliyezoea Windows anataka kuikuta menyu pembeni chini na saa upande wa pili. Mpe Cinnamon. Mashine ikiwa dhaifu mpe Xfce kama ilivyopangwa na Linux Mint. Hatahitaji mafunzo ya wiki nzima.

GNOME haina menyu ya aina hiyo. Unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, madirisha yote yanajitandaza, unaandika jina la unachokitaka. Kwa kijana anayeanza upya, au mwenye skrini ya kugusa, ni nzuri. Kwa mzee aliyezoea njia moja, ni usumbufu.

KDE Plasma inamfaa apendaye kuchokora. Karibu kila kitu chaweza kubadilishwa, kuanzia rangi hadi mahali pa vitufe.

Kompyuta inayotumiwa na watoto wengi yataka jambo jingine: isiharibike mpangilio. Xfce ina chaguo la kufunga ukanda wake usihamishwe. Mwalimu akija asubuhi akute kila kitu mahali pake.

Kwa asiyeona vizuri, GNOME na MATE zina msaada wa kukuza maandishi, pamoja na Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti. Na kwa madrasa, maeneokazi haya makubwa yanakubali kibodi zaidi ya moja, ukaandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi kwa Kiswahili kwa kubonyeza vitufe viwili. Katika orodha ya kibodi imo hata ya Kiswahili cha Kenya. Menyu zenyewe bado nyingi ni za Kiingereza. Tafsiri hufanywa na watu wa kujitolea, na vijana wetu wa Pwani wana lugha ya kutosha kuisaidia kazi hiyo.

Jaribu kabla ya kufuta

Pakua faili la toleo unalolitaka, uliandike kwenye flashi ya 8GB kwa programu kama Rufus, kisha uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Mfumo utafunguka bila kugusa diski. Hakikisha Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inakubali. Kwenye flashi itakuwa polepole kuliko itakavyokuwa ikisakinishwa, usiihukumu kwa mwendo. Rudia kwa eneokazi la pili ulinganishe. Ukiridhika, nakili faili zako zote kwenye diski nyingine kwanza, ndipo usakinishe.

Waweza pia kuweka maeneokazi mawili kwenye mfumo mmoja na kuchagua wakati wa kuingia. Lakini utajikuta na programu mbili za kila kazi kwenye menyu, na mgeni wa kompyuta atachanganyikiwa. Bora majaribio yaishie kwenye flashi.

Kuhusu kazi za kila siku, eCitizen hufunguka kwenye kivinjari kama kawaida, na barua na hesabu utaziandika kwa LibreOffice. Anayetegemea programu ya uhasibu iliyotengenezewa Windows pekee aulize kwanza kabla ya kuhama. Hapo eneokazi lolote halitamsaidia.

Mchagua jembe si mkulima. Ukiona maelezo ni mengi na kompyuta yako ina 4GB, chukua Linux Mint yenye Xfce, uiweke, uanze kazi. Baada ya mwezi, kama moyo haujatulia, badilisha. Faili zako zitakuwa palepale.