Jina la Kibo na Shehena ya Sitaha katika Vyombo vya Anga

Mtu asimamaye juu ya kilele cha Mlima Meru alfajiri, mawingu yakiwa chini yake, hukiona Kibo upande wa mashariki. Jina hilo la kilele chenye urefu wa mita 5,895 limekuwa, tangu mwaka 2008, jina la kitu kingine pia: chumba cha Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ni rahisi kudhani kwamba Wajapani waliazima jina la mlima. Sivyo. Neno lao, lenye irabu ndefu mwishoni, maana yake ni matumaini. Nalo la Kichaga hufasiriwa mara nyingi kuwa lataja mabaka ya theluji na mawe. Maneno mawili yafananayo kwa sauti si lazima yawe ya ukoo mmoja. Ukoo huthibitishwa kwa ulinganifu wa sauti unaorudiarudia katika maneno mengi, wala si kwa neno moja.

Hata hivyo, jambo lililoyakutanisha majina hayo lastahili kuchunguzwa, maana ni habari ya uchukuzi, na uchukuzi Kiswahili chaujua tangu zamani.

Mwaka 1887 msafara wa Count Sámuel Teleki uliondoka Pangani, ukafika nchi za Meru na Kilimanjaro. Miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe. Teleki alitaka kuwinda. Mwenzake, Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, alipima nchi na kuchora ramani. Wapagazi walichukua shanga, nguo na nyaya za kununulia chakula na ruhusa ya kupita. Vyombo vya kupimia vilikuwa vichache miongoni mwa mizigo hiyo. Msafara haukutengenezwa kwa ajili yavyo, bali wao ndio uliovifikisha mwaka 1888 hata kwenye ziwa liitwalo leo Turkana. Pembe ziliuzwa zikaisha, ramani ikabaki.

Mpango huo huo waonekana katika safari za anga. Chombo kichukuacho watu hakina budi kuwa na chumba chenye hewa, kuta madhubuti na mlango mwembamba. Basi kitu kisichohitaji hewa huwekwa nje ya chumba hicho: huko chaweza kuwa kikubwa zaidi, lakini lazima kistahimili jua kali na baridi, wala mtu hakifikii ila kwa vazi maalumu au kwa mkono wa mashine. Katika safari ya Apollo 15, mwaka 1971, kamera zilifungwa ubavuni mwa chombo, na Alfred Worden alilazimika kutoka nje, wakiwa njiani kurudi kutoka mwezini, ili azichukue filamu. Baadaye vyombo vya Marekani vilivyoruka tangu 1981 hata 2011 vilikuwa na uwanja wa mizigo usio na hewa, wenye urefu wa mita 18 hivi. Na tangu 1982 vyuo vikuu vilipewa nafasi ya kuweka humo mapipa madogo ya majaribio. Mzigo wa namna hii hauchagui siku wala njia. Humfuata mwenye safari.

Kibo ya Wajapani ina sehemu zote mbili. Chumba chenye hewa kilifika mwaka 2008, na jukwaa la nje mwaka 2009. Kati yake mna kijichumba chenye milango miwili, na mkono wa mashine wenye urefu wa mita 10. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa na Japani walianzisha mpango wa KiboCUBE, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa. Setilaiti yake, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, yenye upande wa sentimita 10, iliondoka duniani tarehe 2 Aprili 2018 ikaachiliwa angani tarehe 11 Mei. Ile ya Rwanda, RWASAT-1, iliachiliwa mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022, zote kutoka Kibo. Nchi hizo tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako Arusha.

Hapo ndipo lugha inapodaiwa. Tafsiri ya neno kwa neno yatoa “mzigo usio na shinikizo”, nayo yapotosha: si mzigo unaokosa shinikizo, bali ni mahali uwekwapo panapokosa hewa. Mabaharia wa pwani wana maneno ngama na sitaha, yaani mahali pa ndani na mahali palipo wazi. “Shehena ya ngama” na “shehena ya sitaha” yaonyesha tofauti inayotakiwa, tena yasaidia kueleza kwamba setilaiti zile tatu zilisafiri ngamani kwanza, ndipo zikapitishwa nje. Kwa mzigo wa elimu uchukuliwao katika safari ya mwingine, “shehena fuasi” lafaa kuliko “shehena duni”, kwa kuwa lataja utaratibu wa safari pasipo kuhukumu thamani. Ramani ya Höhnel ni ushahidi wa kutosha.

Vijana wa Arusha watakaofundishwa elimu hii wataifahamu kwa kadiri ya maneno watakayopewa. Neno likificha namna jambo linavyotendeka, mwanafunzi hulikariri asilielewe. Na maneno yasiyoficha yamo tayari katika bandari zetu.