Liemba: Njia ya maji kati ya Kigoma na Mpulungu

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Temeke au Kinondoni anayetaka kwenda Zambia kwa kawaida hufikiria njia mbili: reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake kuu ipo kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, au basi la kupitia Tunduma.

Ipo njia ya tatu, ndefu kuliko hizo mbili, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Msafiri hutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha hupanda meli hadi bandari ya Mpulungu, kaskazini mwa Zambia.

Kwa miongo kadhaa njia hiyo ilibebwa na meli moja, mv Liemba, hadi iliposimama mwaka 2018 ikisubiri matengenezo makubwa. Makala haya yanaeleza historia ya meli hiyo, jinsi safari yake ilivyokuwa, na mambo ambayo abiria anayevuka mpaka kwa maji anapaswa kuyafahamu.

Ilipita Dar ikiwa vipande

Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Baada ya kukamilika ilifunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, yaliyosafirishwa kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam.

Kutoka hapo masanduku hayo yalipelekwa Kigoma kwa Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914. Meli iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 5, 1915, ikiitwa Graf Goetzen, jina la aliyekuwa gavana wa Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 26, 1916, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kufanya hivyo, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi ili isiliwe na kutu.

Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali katika hali nzuri. Mei 16, 1927, ilianza kazi ya kubeba abiria na mizigo kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo kwa watu wa upande wa kusini. Mitambo yake ya mvuke ilibadilishwa kuwa ya dizeli katika miaka ya 1970.

Safari ilivyokuwa

Kwa ratiba iliyozoeleka kabla ya mwaka 2018, Liemba iliondoka Kigoma Jumatano alasiri, mara moja kila baada ya wiki mbili, na kufika Mpulungu Ijumaa. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 600 katika madaraja matatu. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na vyumba, na wa daraja la tatu walikaa kwenye viti au sitahani, kando ya shehena.

Shehena hiyo ndiyo iliyoonyesha kazi halisi ya meli. Dagaa na samaki waliokaushwa, mahindi na bidhaa za madukani zilisafiri pamoja na wenyewe, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wadogo.

Njiani meli ilisimama zaidi ya mara 15, katika maeneo kama Ikola, Karema, Kirando, Kipili na Kasanga. Sehemu kubwa ya vituo hivyo haikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, na boti za wanakijiji ziliifuata, usiku au mchana, kushusha na kupakia watu na mizigo kupitia mlango wa ubavuni.

Kwa vijiji ambavyo barabara zake ni mbaya au hazipo, meli hiyo ilikuwa pia njia ya kwenda hospitali, shuleni na sokoni.

Aidha, ilitumika wakati wa dhiki. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) liliitumia kuwarejesha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 baada ya utawala wa Mobutu Sese Seko kuanguka. Mei 2015 iliwahamisha hadi Kigoma maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha mpakani kisichofikika kwa gari, huku kipindupindu kikiwa kimezuka.

Meli inaposimama, wanaobaki na tatizo ni wakazi wa mwambao. Wengi hulazimika kusafiri kwa boti za mbao zisizo na orodha ya abiria wala vifaa vya kutosha vya kujiokolea, katika ziwa lenye kina cha meta 1,470 na upepo unaobadilika ghafla.

Nyaraka na saa

Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Anayevuka kwenda nchi nyingine anapaswa kuwa na pasi ya kusafiria na kugongewa muhuri wa Uhamiaji wakati wa kutoka na wa kuingia. Ni vema pia kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa huweza kudaiwa mpakani.

Saa za Zambia, Burundi na mashariki ya Kongo zipo nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja. Inapokuwa saa tatu asubuhi Kigoma, Mpulungu ni saa mbili.

Kutoka Mpulungu, barabara hupita Mbala hadi Kasama, mwendo wa kilomita zipatazo 200. Kasama ipo stesheni ya TAZARA, hivyo msafiri aliyeondoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati anaweza kurudi kwa reli nyingine na kushukia jirani na Temeke.

Kabla ya kuanza safari, ni muhimu kuulizia ratiba za meli na treni kwa wahusika, kwani hubadilika mara kwa mara.

Jina katika orodha

Mei 21, 1996, mv Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, lakini orodha ya madaraja ya kwanza na ya pili pekee ilikuwa na watu 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote.

Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 800 walikufa. Kwa kukosekana kwa orodha kamili, idadi halisi haikujulikana, na zipo familia ambazo hazikuwa na karatasi ya kuthibitisha kuwa ndugu yao alikuwamo.

Ajali za mv Spice Islander mwaka 2011 na mv Nyerere mwaka 2018 zilirudia fundisho hilo, kwani vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake.

Kwa sababu hiyo, abiria wa meli anashauriwa kukata tiketi dirishani kwa jina lake kamili na kuepuka kuinunua mikononi mwa walanguzi. Watoto nao waandikwe. Akishapanda, aangalie maboya ya kujiokolea yalipo na mlango wa kutokea. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, asikipande, hata kama kingine kitamlazimu kusubiri wiki mbili.