Mlango Ambao Kipindupindu Hakikuufunga

Ndugu zangu, sisi tumezowea kuisoma historia kwa masultani, mapinduzi na mikataba. Leo naomba tuisome kwa kitu kisichoonekana kwa macho: utando unaoizunguka seli, na namna vitu vinavyopita kuingia na kutoka. Msicheke. Utando huo umeamua nani afe na nani aishi, na Zanzibar nayo imo.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliipiga Zanzibar na maelfu wakafa. James Christie, daktari wa Kiskochi aliyekuwa akitibu mjini, alizifuatilia njia za maradhi hayo, za bara na za majahazi, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Njia alizijua. Ila yeye na madaktari wote wa zama zile hawakujua kwa nini mtu mzima, mwenye afya yake asubuhi, anakauka na kufa kabla ya jua kuchwa.

Kurudisha maji mwilini kulishajaribiwa. Mwaka 1832 huko Leith, Scotland, Thomas Latta aliwatia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mshipa, na baadhi yao waliokwisha kukatiwa tamaa wakazinduka. Njia hiyo ikaachwa, na iliporudi kwa nguvu katika karne ya 20 dripu ndiyo ikawa tiba yenyewe. Sasa basi, dripu inataka sindano, maji yaliyotakaswa na mtu aliyesomea. Penye kipindupindu, mara nyingi vyote vitatu havipo.

Mtu atauliza, si anywe tu? Tatizo ni kwamba akinywa maji matupu yanatoka yote. Wengi walidhani utumbo umebabuka, haufai kitu. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, mjini Calcutta, alionyesha kwamba vijidudu vya kipindupindu hutoa sumu. Baadaye ikajulikana kuwa sumu ile haiuchani utumbo. Inaziacha wazi njia za kloridi kwenye utando wa seli, chumvi inamwagika nje, na maji yanaifuata. Maji hayana amri yake mwenyewe, chumvi iendako ndiko yaendako. Hiyo ndiyo osmosisi.

Mwaka 1960, kwenye mkutano wa wataalamu mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza jambo jengine. Utando wa seli ni wa mafuta, na sukari haiwezi kuupenya hivi hivi. Inabebwa na protini, na protini hiyo haibebi glukosi mpaka sodiamu iwemo. Sodiamu ni nyingi nje na kidogo ndani, kwa hiyo inapoteremka kuingia inaivuta glukosi pamoja nayo. Kwa upande wa damu pampu nyengine inaitoa sodiamu, na maji yanafuata. Kumbe sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huu! Mgonjwa anamwaga maji huku, na kule mlango uko wazi unangoja sukari na chumvi vije pamoja.

Lakini kujua mlango uko wapi si sawa na kuupita. Mwaka 1962 Robert Phillips alijaribu mchanganyiko wa kunywa huko Manila, baadhi ya wagonjwa wakafa, akasimamisha. Kipimo ndicho kilichokosekana. Mwaka 1968 huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walipima kila kinachomtoka mgonjwa, wakamnywesha kiasi kile kile. Haja ya dripu ikapungua kwa asilimia 80 hivi.

Hata hapo wakubwa wa tiba walisitasita. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vikawasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Kambini Bongaon dripu zilikuwa zikimalizika. Dilip Mahalanabis akakoroga sukari na chumvi kwenye mapipa, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Toka Prague hadi Bongaon ni miaka 11, na kilicholazimisha hatua ya mwisho ni upungufu. Baina ya 1980 na 1990 shirika la BRAC likapita nyumba zaidi ya milioni 12 za Bangladesh, likiwafundisha akina mama kukoroga wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu kwetu bado mzazi akimpeleka mtoto anayeharisha, akapewa pakiti ya ORS, anarudi akinung'unika: ati hakutibiwa, hata dripu hakuwekewa! Jamani, dripu ni ya aliyelegea hawezi kunywa, na huyo akimbizwe hospitali. Anayeweza kunywa, mlango wake uko wazi. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Wala usizidishe ukidhani unafanya hisani. Sukari ikizidi huyavuta maji yarudi utumboni, na ndiyo maana mwaka 2002 mchanganyiko rasmi ulipunguzwa ukali, na ndiyo maana soda haifai.

Wale wa 1870 walikufa mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyejua. Sisi tunajua. Hatuna udhuru.