Kilo: simu ni nzuri, lakini rezo haishiki

Huko Kilo, wilaya ya Djugu, mchimbaji wa dhahabu anaweza kutoa pesa ya kazi ya wiki nyingi juu ya simu ya okazyo, kisha anaingiza kadi SIM na rezo haionekani. Mara nyingi kadi haina kosa. Vodacom, Airtel na Orange wanatumia GSM. Lakini simu zingine za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Verizon ao Sprint za Marekani zilikuwa za CDMA, zingine hazina hata nafasi ya kadi. Hizo, hata ukate kadi namna gani, hazitashika. Zingine zimefungwa kwa kampuni moja: ukiweka kadi ingine, simu inaomba kode.

Simu ndogo ya kubonyeza, ya 2G, inatosha kwa kupiga na kwa M-Pesa ao Airtel Money, maana menyu ya nyota haiombi mega.

Kwa 4G, simu yenyewe iwe ya 4G na kadi pia ikubali. Kadi ya zamani inabadilishwa kwa ajenti, namba inabaki ileile. Na kama antena ya karibu ni ya 2G tu, hakuna simu itakayosaidia.

Kabla ya kulipa, weka kadi yako ndani, piga, pokea, jaribu mega. Muuzaji akikataa, umuachie simu yake.